Kicheko cha Bwana Shibe

Kapteni Fuvu alishushwa bandarini Kemondo mwezi wa Juni, mwaka 1987, amelazwa ndani ya kasha refu lililojazwa majani makavu ili mbavu zake zisivunjike. Mwenye kasha alikuwa Mihayo, mtu wa Shinyanga, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka miji ya kando ya ziwa na pembea moja, bunduki mbili za kulengea makopo, na hema kubwa la turubai la jeshi alilolipata baada ya vita vya mpakani. Hema hilo aliligawa vyumba kwa mapazia meusi akaliita Nyumba ya Vitisho. Watu waliingia mlango huu wakatokea mlango ule, na katikati, gizani, walimkuta Kapteni.

Kapteni hakuwa mzuka wa hivi hivi tu. Alikuwa na wenyewe. Waliojua kusoma walimjua, maana kila wiki alionekana ukurasa wa mwisho wa gazeti moja la vichekesho la Nairobi: mifupa mitupu, kofia ya unahodha kichwani, akitafuta meli yake iliyozama. Mihayo alikuwa na kibali cha kumtumia, karatasi yenye mihuri miwili, aliyoihifadhi katika mfuko wa nailoni na kuionyesha kwa kila afisa na kwa wengi wasio maafisa. Musoma watu walitoka mbio wakaacha viatu. Mwanza mwanamke mmoja alimpiga Kapteni kibao.

Bukoba hakuna aliyekimbia.

Jumamosi ya kwanza, katika kiwanja kilicho wazi chini ya kilima cha Kahororo, watu waliingia kwa mstari, kimya, kama wanaokwenda kupokea komunyo. Kapteni alichomoka gizani kwa springi yake, macho yake ya balbu nyekundu yakawaka. Mwanamume aliyekuwa mbele akavua kofia. Nyuma yake alikuwa Klaudia, mjane kutoka kijiji cha Kagondo, ambaye katika miaka mitatu alikuwa ameuguza wanawe wawili na mkwe mmoja. Alizitazama zile mbavu, akaitazama mifupa ya mabega, akayatazama meno ambayo midomo haikuweza tena kuyafunika. Kisha akasema, kama mtu anayesema kando ya kitanda:

"Pole, mwanangu. Umeanza kuugua lini?"

Akafungua kanga yake ya pili akamfunika Kapteni mabegani. Alipotoka nje alimkabili Mihayo mbele ya watu wote.

"Huyu ndugu zake wako wapi? Nani anampa uji?"

"Mama, yule ni mzuka!"

"Hata kama ni mzuka, amekonda."

Jumapili baada ya Misa walikuja wengine, na wawili kati yao walikuja na chupa za chai. Mihayo alikaa juu ya kasha tupu, ameshika kichwa. Karugendo, mpika rubisi, ile pombe ya ndizi, ambaye kinywa chake hakikuwa na mlango, alikuja kumfariji kwa namna yake.

"Mnenepeshe, waitu. Mshonee tumbo la sufi. Mashavu kidogo. Watu wataogopa vizuri tu."

"Haiwezekani."

"Kwani ni mkeo, asiguswe?"

"Kibali hakiruhusu." Mihayo akatoa karatasi, akaweka kidole kwenye mstari. "Wenyewe wanasema sura yake isiguswe. Nikimwongezea nyama hata kilo moja, si Kapteni Fuvu tena, na mimi ni mwizi."

"Sasa umemleta mgonjwa kwenye nchi ya wagonjwa, na umekatazwa hata kumlisha," alisema Karugendo. Watu walicheka, lakini kicheko kilikatika upesi.

Klaudia, ambaye alikuwa amerudi kuchukua kanga yake na kuiacha tena, ndiye aliyesema kwamba Kagondo kuna fundi. "Kama huyu ana wenyewe, tengeneza wako. Rugemalira ana mikono. Ila siku hizi hatengenezi kitu isipokuwa majeneza."

Ilikuwa kweli. Kabla ya vita Rugemalira alitengeneza vitanda vya maharusi, meza, na mabenchi ya kanisa ambayo mpaka leo hayalii mtu akiyakalia. Sasa watu walikuja kwake na ukamba wa mgomba uliokatwa kwa urefu wa marehemu, wenye fundo moja mahali pa mabega, wakauweka juu ya benchi lake bila maneno mengi. Alikuwa na kamba kumi na mbili za namna hiyo ukutani siku Mihayo alipofika. Lakini si kamba zilizomsumbua. Kilichomsumbua kilikuwa kimelala juu ya mkeka, karibu na mlango wa karakana, mahali penye jua la asubuhi.

Benigna, binti yake wa pekee, alikuwa amerudi wakati wa Kwaresima kutoka visiwa vya Muleba, alikokwenda kufanya biashara ya sangara. Aliondoka akiimba na kusema na kila mtu. Alirudi amekonda, na hakusema neno. Mganga wa zahanati alimwangalia koo akasema koo ni zima. Rugemalira alielewa ugonjwa ni upi, kama kila mtu alivyoelewa. Hakuona vema kumwomba Mungu amponye, kwa kuwa alikuwa amewachongea masanduku wengi walioombewa hivyo na watu wema kuliko yeye. Aliomba jambo dogo. Kwa novena tatu mfululizo, kila moja siku tisa za sala, alipiga magoti kwenye vumbi la mbao akasema: Bwana, mpe sauti tu. Aniambie neno moja kabla hajaenda. Mengine nimekuachia.

Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake Mihayo alipoketi juu ya gogo na kueleza shida yake.

"Nataka kitu cha kubuni," alisema Mihayo. "Kisichotoka gazetini. Kisicho na wenyewe. Kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona."

"Cha kutisha."

"Cha kutisha watu wa hapa. Ninyi mnaogopa nini, mzee?"

Rugemalira aliendelea kusukuma randa. "Zamani ningekwambia askari wa upande wa pili wa mpaka."

"Nikiweka askari?"

"Watakimbia kweli. Wataweka watoto mgongoni na godoro kichwani, hutawaona tena mpaka Biharamulo."

"Basi joka la ziwani."

"Wavuvi watauliza linauzwaje."

Mihayo akacheka bila furaha. Ndipo sauti iliposikika kutoka mkekani, sauti kavu, kama mlango wa ghala ambao haujafunguliwa msimu mzima.

"Mnene."

Randa iliteleza ikachubua kidole cha Rugemalira. Hakuhisi. Aligeuka polepole, kama mtu aliyemwona ndege karibu na anaogopa kumrusha.

"Umesema nini, mwanangu?"

"Mtengenezee mtu mnene, tata," Benigna alimwambia baba yake. "Anacheka."

Akafumba macho, hakusema tena siku hiyo. Mihayo alipiga paja lake kwa furaha, akasema wazo limepatikana, kwamba mtu mnene ni kinyume kabisa cha Kapteni na hakuna gazeti litakalomdai. Rugemalira hakumsikia. Alikuwa ametoka nyuma ya karakana, ndani ya kibanja cha migomba, akashika mgomba mmoja kwa mikono miwili na kulia machozi ya shukrani.

Kesho yake hakufungua kazi ya jeneza. Alichora duara kubwa juu ya ubao, akauliza bila kugeuka, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mnene kiasi gani?"

Alisubiri. Jua lilisogea upana wa kiganja.

"Shingo imeingia mabegani. Akikaa, kiti kinalia."

Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda. Kila asubuhi swali moja, na kila siku jibu. Siku ya tatu alisema meno ya mbele yameachana, na moja ni la dhahabu. Siku ya nne alisema mikono ni midogo, laini kama ya mtoto, na huiweka juu ya tumbo akisubiri kitu. Akainua mikono yake mwenyewe, mifupa mitupu, kumwonyesha. Siku ya tano alisema kicheko chake ni vipande vitatu vifupi, kisha kimoja kirefu kama mtu anayevuta kamba. Siku ya sita Rugemalira aliuliza macho.

"Akicheka hayafumbi," alisema Benigna. "Yanakutazama tu mpaka amalize."

"Na nguo?"

"Shati la Juliana. Lile la maua."

Juliana kilikuwa kitambaa kilichovushwa mpakani kwa magendo, na ugonjwa wenyewe ulipoanza watu waliupa jina hilohilo, kwa kuwa waliokivaa na waliokipokea ndio waliotangulia. Fundi mwingine angesimama hapo akajiuliza. Rugemalira alikwenda kwa Klaudia kuuliza kama analo shati la namna hiyo sandukuni. Alikuwa na furaha, na furaha ilimfanya kuwa kiziwi. Aliona kwamba binti yake anabuni. Alisema hivyo kwa watu, kwa fahari: "Benigna anabuni, mimi nachonga." Neno hilo lilimkaa vizuri mdomoni. Lilikuwa neno la watu wazima wenye afya, wanaokaa na kufikiria vitu visivyokuwapo.

Siku ya nane mzee Rugaibula wa Kahororo alifika na ukamba wa mgomba, mfupi. Marehemu alikuwa mjukuu wake.

"Niwie radhi," alisema Rugemalira. "Wiki hii nina kazi. Nenda kwa fundi wa barabarani."

"Yule amefariki Jumanne, waitu."

"Basi nenda mjini."

Mzee aliutazama mwili ule mkubwa wa mbao, nusu umepakwa rangi, tumbo limepinda vizuri kama pipa, akamtazama Rugemalira. Aliukunja ukamba wake akaondoka. Baadaye ilisikika kwamba mtoto alizikwa ndani ya mkeka. Rugemalira aliungama jambo hilo kwa padri, lakini alipokuwa akiungama, masikio yake yalikuwa bado nyumbani, kwenye mkeka wa Benigna.

Siku ya kumi na moja mtu mnene alikamilika. Alikaa katika kiti chenye mhimili, akiwapa watu mgongo. Mgeni akikanyaga ubao fulani sakafuni, kiti kiligeuka ghafla, taya ikafunguka, mikono ikaachia tumbo na kunyooka mbele. Nyuma ya pazia alikaa Karugendo na faneli ya bati, akicheka vipande vitatu vifupi na kimoja kirefu. Alijifunza kwa siku mbili. Kwa kawaida alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti ya mbuzi, lakini hicho alikipata.

Mihayo alizunguka kazi hiyo mara tatu. Kisha akatoa karatasi aliyoandikisha kwa mpiga taipu wa mjini. Ilisema kwamba sanamu iitwayo Bwana Shibe, pamoja na kicheko chake, ni mali ya Mihayo, na mtu yeyote asiitumie wala kuibadili bila ruhusa yake.

"Na wewe sasa una kibali," alisema Rugemalira.

"Nimejifunza kwa watu wa Nairobi. Cha kubuni kisipoandikwa, kesho utakikuta Geita."

Rugemalira alitia sahihi kwa herufi kubwa alizofundishwa katika masomo ya jioni, bila kuinua mkono. Aliona ni jambo zuri kwamba wazo la mwanawe limeandikwa mahali.

Jumapili, baada ya Misa, kiwanja kilijaa. Watu waliingia kwa Bwana Shibe, na kutoka ndani kikasikika kicheko cha Karugendo, kisha kicheko cha watu wenyewe, kikubwa, cha kutoka tumboni. Walitoka wakifuta macho. Hawakuwa wameogopa hata kidogo. Walikuwa wamempenda.

"Amekula huyo!" alisema mmoja.

"Hata kuhara hajui!"

"Laiti ningepata mchumba mwenye shingo ile," alisema msichana muuza ndizi, na wenzake wakamsukuma. Wengine waliingia mara ya pili ili kumgusa tumbo. Mihayo alisimama mlangoni, uso umemshuka. "Sasa wanacheka," alimwambia Rugemalira. "Mgonjwa wanamhurumia, mzima wanamchekea. Nchi gani hii?"

Lakini Rugemalira alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Alitaka Benigna aone. Tangu sanamu ilipokamilika hakukuwa na swali la kumwuliza, naye alikuwa amekaa kimya tena siku mbili, na kimya kile kilimtia baba yake hofu.

Klaudia alikuwa akimwosha. "Mwache apumzike, Ta Rugemalira."

"Ni kazi yake. Lazima aione. Benigna, twende ukaone ulichobuni?"

Benigna alimtazama kwa muda mrefu. Hakukubali wala hakukataa. Alifungua mdomo kidogo, kisha akaufunga, na Rugemalira akachukulia kwamba ni haya. Akamfunga kwa kitenge kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akaisukuma taratibu mpaka kiwanjani, Klaudia akifuata amemshika mgongo. Watu walipisha. Hawakusema pole, kwa sababu hawakupenda kuaibisha.

Alimbeba mwenyewe kuingia ndani. Alikuwa mwepesi kama bunda la majani. Palikuwa na giza, na harufu ya rangi mbichi. Alihesabu hatua, akakanyaga ubao.

Kiti kikageuka. Shati la maua, jino la dhahabu, mikono midogo ikiachia tumbo na kuja mbele. Kicheko kimoja, viwili, vitatu. Kisha kile kirefu.

Benigna alipiga yowe.

Halikuwa yowe la mtu aliyeshtuka. Liliendelea. Lilitoka katika mwili ule ambao haukuwa na nguvu ya kuinua kikombe, likajaza hema, likatoka nje mpaka kwenye pembea. Alijikunja kifuani kwa baba yake kama anayetaka kuingia chini ya mbavu zake, kucha zikamchana shingo. "Ni yeye! Tata, umemleta! Umemleta yeye nyumbani! Nilikwambia ili umjue, tata, wewe ukamleta!"

Karugendo, nyuma ya pazia, alidhani mambo yanakwenda vizuri. Akarudia kicheko.

Rugemalira hakukumbuka alivyotoka. Alikumbuka mwanga, na Klaudia akimpokea mtoto mikononi, akimfunika uso kwa kitenge. Alikumbuka pia kwamba alipoinua macho aliona mstari wa watu. Watu waliokuwa wakiondoka walikuwa wamegeuka. Waliokuwa kwenye pembea walikuwa wameshuka. Walisikia yowe la kweli, la kwanza tangu hema lisimamishwe, nao walisukumana kupata nafasi.

"Umesikia?" alisema Mihayo, macho yanang'aa. "Mzee, umesikia yowe hilo? Hilo halijawahi kutoka hata Mwanza!" Kisha akaona sura ya Rugemalira, akanyamaza.

"Ta Rugemalira," aliuliza Klaudia taratibu, "nani alikwambia kwamba anabuni?"

Rugemalira alikwenda kwenye gari la mizigo la Mihayo akachukua shoka la kukatia vigingi. Karugendo alitoka nyuma ya pazia wakati huo, faneli bado mkononi, akicheka kwa sauti yake ya mbuzi na kuuliza aliyepiga yowe ni nani, maana anastahili zawadi. Aliambiwa. Faneli ilimdondoka. Hata hivyo yeye ndiye aliyemshika Rugemalira kiunoni, kwa sababu ndani ya hema kulikuwa na watu.

"Nipishe, nikivunje! Nimekitengeneza mimi!"

"Si chako tena, mzee wangu," alisema Mihayo. Hakusema kwa ukatili. Mfuko wake wa nailoni ulikuwa tayari mkononi. "Ungeniambia mapema ni mtu wa kweli, nisingemgusa. Naapa. Lakini Kapteni hapa wamemkataa, na nina wanangu. Ni nani huyo mtu? Niambie jina lake, mji atakaokuwapo sitafungua hema."

Rugemalira hakuwa na jina la kumpa. Katika siku kumi na moja alikuwa ameuliza shingo, meno, mikono, macho na shati, na hakuuliza jina, kwa kuwa kitu cha kubuni hakina jina. Shoka lilitoka mikononi mwake bila mtu kulichukua.

Alimwuliza nyumbani. Alipiga magoti kando ya mkeka akasema, "Mwanangu, nisamehe. Anaitwa nani? Niambie jina tu. Nitakwenda visiwani, nitasema kanisani, nitawaambia wasichana wote wa Kemondo." Benigna alikuwa amegeukia ukuta. Kesho yake alimwuliza tena, na kesho kutwa. Aliyataja majina ya wanunuzi wa sangara aliowajua na asiowajua, akimtazama bega kuona kama litatikisika. Halikutikisika.

Ijumaa mtu alikuja kumwambia kwamba Mihayo amepakia kila kitu Kemondo. Bwana Shibe hakutosha ndani ya kasha, hivyo alikalishwa juu ya mizigo, kamba imepitishwa tumboni, shati likipepea. Watu wa bandarini walimpungia mikono. Wanawake wauza samaki walimwita mchumba, wakamwambia arudi upesi.

Jioni ya siku hiyo, jua likiwa bado kwenye ncha za migomba, Rugemalira alichukua rozari akakaa sakafuni nyuma ya mgongo wa binti yake. Aliogopa kumwomba Mungu kitu chochote. Alikuwa ameomba sauti, akapewa, na sasa aliona afadhali kusema maneno yaliyokwisha andikwa na wengine, yasiyo na ombi lake ndani. Akaanza nusu ya kwanza ya Salamu Maria, polepole, akaishia katika jina la Yesu. Nusu ya pili ilikuwa ya Benigna kuitikia, tangu alipokuwa mtoto wa kipaimara.

Alisubiri. Alisubiri muda ule ambao maneno yake yangechukua, yote, mpaka Amina, huku akisikia pumzi ya mwanawe ikipanda na kushuka ukutani. Kisha akasogeza punje moja, akaanza tena.